Kupima presha nyumbani: mwongozo kwa anayeanza

"Nesi, nimepima nikapata 158. Nikarudia, 146. Nikarudia tena, 139. Sasa mashine ndiyo mbovu au mimi ndiye mgonjwa?"

Wiki haiishi kabla swali hili halijafika kwenye meza yangu ya kliniki, na anayelileta mara nyingi amenunua mashine juzi tu. Mmoja huja na daftari limejaa namba, mwingine ana picha za kioo cha mashine kwenye simu, mwingine amekariri namba moja tu, ile iliyomnyima usingizi. Nimechoka kulijibu vipande vipande mlangoni, kwa hiyo leo naliandika jibu lote.

Kwa ufupi: ukipima ovyo, hata mashine nzuri itakupa namba ya ovyo. Na hata ukipima vizuri, presha haitulii mahali pamoja. Inapanda ukipanda ngazi, inashuka ukilala, inapanda tena ukikumbuka deni. Kazi yako nyumbani ni kukusanya namba nyingi zilizopatikana kwa namna ileile, kisha kuzitafutia wastani. Namba moja ya peke yake haina mamlaka ya kukuongezea dawa wala kukuachisha.

Nadharia haitazidi aya hii. Namba ya juu ni msukumo wa damu kwenye mishipa moyo unapojikaza. Ya chini ni msukumo unaobaki moyo unapolegea. Zote hutajwa kwa milimita za zebaki, ingawa mashine ya nyumbani haina zebaki hata tone. Inachofanya ni kuhisi mtikisiko wa mshipa chini ya mkanda, ndiyo maana chochote kinachotikisa mkono wako kinaichanganya.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mashine inayojijaza upepo yenyewe, ya kufungwa kati ya bega na kiwiko
- Mkanda unaokutosha wewe, si uliomtosha jirani
- Futi ya fundi cherehani, ya kutumia mara moja tu
- Kiti chenye egemeo na meza karibu yake
- Daftari na kalamu, au simu kama una nidhamu nayo
- Saa

Kuhusu mashine, zile ndogo za kufunga kwenye kifundo cha mkono zinavutia kwa sababu zinaingia mfukoni. Lakini kifundo kikishuka au kikipanda kidogo tu kutoka usawa wa moyo, namba inakwenda na maji. Kama mkono wako ni mnene kiasi kwamba hakuna mkanda unaokuingia, hapo ndipo ya kifundo inapofaa, nayo uishike kifundo kikiwa usawa wa moyo. Za kidole na za saa ya mkononi ziache kabisa kwa kazi hii. Kabla ya kununua, tafuta jina na namba ya aina ya mashine kwenye orodha ya STRIDE BP, ambayo iko wazi kwenye intaneti na inaonyesha mashine zilizojaribiwa kwa wagonjwa zikaonekana zinasema kweli. Kibandiko kizuri kwenye boksi hakithibitishi kitu.

Mkanda nitaukalia kidogo, maana ndipo wengi wanapokosea wakiwa bado dukani. Chukua futi, zungushia mkono wako katikati ya bega na kiwiko, soma sentimita. Kisha tazama maandishi yaliyochapwa kwenye mkanda: mara nyingi ule unaokuja na mashine ni wa sentimita 22 hadi 32. Mkono wako ukiwa na sentimita 36, mkanda huo utakubana na kukupa namba kubwa kuliko presha yako. Mkono mwembamba kwenye mkanda mkubwa hupata namba ndogo kuliko ukweli. Mwaka 2023 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha vipimo vya jambo hili: watu waliostahili mkanda wa saizi kubwa kuliko zote, walipofungwa ule wa kawaida, namba yao ya juu ilizidi ukweli kwa karibu 20. Ishirini! Hiyo inatosha kumfanya mzima aitwe mgonjwa na kuandikiwa dawa.

Wala si tatizo jipya. Daktari Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alipobuni kipimo chake cha mkanda mwaka 1896, mkanda wenyewe ulikuwa mwembamba mno, na mwaka 1901 Mjerumani Heinrich von Recklinghausen akaonyesha kuwa wembamba huo unapandisha namba. Zaidi ya miaka mia imepita na bado nawafungulia watu mikanda ya saizi isiyo yao.

Siku ya kwanza: mkono upi?

Siku ya kwanza tu, pima mikono yote miwili, mmoja baada ya mwingine. Ukiona mmoja unatoa namba kubwa mara zote, huo ndio utakaoutumia siku zote zinazofuata. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Namba za juu zikiachana kwa zaidi ya 15, na zikaendelea kuachana hivyo ukirudia siku nyingine, mwambie daktari, maana huenda mshipa wa upande mmoja umebana.

Onyo: kama una mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya kusafisha figo, mkono huo haufungwi mkanda kabisa. Vivyo hivyo upande uliofanyiwa upasuaji wa titi ukaondolewa tezi za kwapani. Tumia mkono mwingine, na kama ni pande zote mbili, muulize daktari kwanza.

Hatua zenyewe

1. Chagua saa zako na uzishike. Asubuhi, ndani ya saa moja baada ya kuamka, kabla ya kunywa dawa na kabla ya kula. Jioni, kabla ya kulala. Tunataka namba za kabla ya dawa kwa sababu zinatuonyesha kama kidonge cha jana kimefika mpaka leo asubuhi.

2. Nusu saa kabla ya kupima, usinywe kahawa wala chai ya majani, usivute sigara, usifanye mazoezi. Kisha nenda haja ndogo. Kibofu kilichojaa kinaweza kupandisha namba ya juu kwa 10 au zaidi, na hakuna kidonge kinachotibu kibofu kilichojaa isipokuwa choo.

3. Kaa kwenye kiti. Mgongo uegemee, nyayo zote mbili ziguse sakafu, miguu isipandane. Sasa tulia dakika 5. Nasema tano za saa, si za kukisia. Usisome ujumbe wa simu, usitazame taarifa ya habari, usimwelekeze mtoto hesabu. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote kwa sababu inaonekana kama kutofanya kitu.

4. Acha mkono wazi. Usifunge mkanda juu ya shati au sweta. Usikunje mkono wa shati ukabana juu kama kamba, maana nao unakaba mshipa. Vua upande mmoja.

5. Funga mkanda. Ukingo wake wa chini uwe sentimita 2 au 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, na mpira wa hewa ushuke upande wa ndani wa mkono, kuelekea kiganja. Mikanda mingi ina alama ya mshale au mstari inayokaa juu ya mshipa. Ubane kiasi kwamba vidole viwili vinapita chini yake kwa shida kidogo.

6. Laza mkono juu ya meza, kiganja kikitazama juu, ukiwa umelegea kabisa. Katikati ya mkanda pawe usawa wa katikati ya kifua chako. Meza ikiwa fupi, weka mto au kitabu. Hesabu yake ni rahisi: kila sentimita 10 mkono unaposhuka chini ya moyo, namba inaongezeka kwa 7 au 8, kwa sababu tu ya uzito wa damu yenyewe. Mkono ulio mapajani umeshuka. Unaoning'inia umeshuka zaidi.

7. Bonyeza kitufe, kisha nyamaza. Usiongee, usiitikie, usicheke. Hapa nikiri kosa langu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilikuwa na tabia ya kumhoji mgonjwa mkanda ukijaa: umelala vizuri, dawa umekunywa, watoto hawajambo? Naye kwa adabu anajibu, na namba inapanda. Siku moja mama mmoja aliniambia, "Nikinyamaza nyumbani napata 130, nikija kwako tunaongea napata 145." Nilimpima tena kimya. Ilikuwa 132.

8. Subiri dakika 1, pima tena bila kufungua mkanda. Ya pili mara nyingi huwa ndogo kidogo kuliko ya kwanza. Hiyo ndiyo siri ya yule wa 158, 146, 139: hakutulia mwanzoni, basi mwili ulikuwa unatulia huku anapima.

9. Andika zote mbili palepale, pamoja na tarehe, saa na mapigo ya moyo. Usizungushe. 137 iandikwe 137, si 140 wala 135. Mstari mzuri wa daftari unafanana na huu: *Jumanne, saa 12:40 asubuhi, kushoto. 138/86, mapigo 74. 133/84, mapigo 72. Dawa bado. Nimelala vibaya.* Hayo maneno mawili matatu ya mwisho yananisaidia kuliko unavyodhani.

10. Fanya hivyo siku 7 mfululizo, mara mbili asubuhi na mara mbili jioni. Kisha pumzika. Kama presha yako imetulia, huhitaji kujipima kila siku ya maisha yako. Wiki moja kabla ya kliniki, au wiki kadhaa baada ya kubadilishiwa dawa, inatosha kwa wengi.

Kutafuta wastani

Siku ya kwanza itupe yote. Ni siku ya kujifunza, mkono bado mgeni na roho bado juu. Zinabaki siku 6, kila siku namba 4, jumla 24. Jumlisha namba zote za juu, gawa kwa 24. Fanya hivyohivyo kwa za chini, peke yake. Mfano: za juu zikijumlishwa zikawa 3,168, wastani ni 132. Za chini zikiwa 1,992, wastani ni 83. Basi presha yako ya wiki hiyo ni 132/83, hata kama kuna jioni moja ulipata 151 ukahisi dunia imekwisha. Ukikosa siku mbili tatu, usitupe daftari. Siku 3 zilizopimwa vizuri bado zinasema kitu.

Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi unahesabiwa kuwa ni presha ya juu. Mpaka wa hospitali ni 140/90. Watu hushangaa mbona tofauti, lakini nyumbani mwili umetulia, kwa hiyo tunatarajia namba iwe chini kidogo. Marekani wanatumia mpaka mkali zaidi, 130/80, na daktari wako anaweza kukupangia lengo lake kufuatana na umri wako, figo, kisukari na mengineyo. Muulize swali moja wazi: "Kwangu mimi, nyumbani, tunataka namba iwe chini ya ngapi?" Iandike kwenye jalada la daftari.

Kuna mzee mmoja alikuwa akifika kliniki anasoma 168, kila mara, na kila mara anasema nyumbani yuko sawa. Tulimwona mbishi. Tulipomfundisha kupima kwa hatua hizi akarudi na daftari, wastani ulikuwa 128/79. Presha yake ilikuwa inapanda akiona sare zetu. Daktari hakumwongezea dawa. Alimwambia aendelee kujipima na kurudi. Kinyume chake kipo pia, nacho ndicho kinachonitisha zaidi: mtu anayesoma vizuri mbele yetu, akirudi nyumbani kwenye msongo wake na sigara zake inapanda. Huyo asipojipima, hakuna atakayejua.

Makosa yanayogharimu

Kupima ukijisikia vibaya tu. Presha ya juu kwa kawaida haitoi dalili yoyote. Ukisubiri kichwa kiume ndipo upime, utakuwa unapima maumivu ya kichwa, na maumivu yenyewe hupandisha namba.

Kurudia mpaka ipatikane namba unayoipenda. Kumi mfululizo, kisha unaandika ndogo kuliko zote. Mkono umeshavimba, umekasirika, na umejidanganya. Mbili zinatosha.

Kubuni namba. Bwana mmoja aliniletea daftari safi: 130/80, 130/80, 128/80, 130/80, wiki mbili nzima, kalamu moja, wino mmoja, mwandiko haujapinda hata mara moja. Nilimwomba mashine, nikabonyeza kitufe cha kumbukumbu. Zilikuwemo namba tano tu, na ndogo kuliko zote ilikuwa 156. Hakukasirika; alicheka, akasema aliliandika daftari lote akiwa kwenye benchi la kusubiri, "maana niliogopa mtanigombeza." Nikamwambia namba kubwa ya kweli hatuigombezi, tunaitibu. Tangu hapo anakuja na picha za kioo cha mashine, bila mimi kumwomba.

Na kosa kubwa kuliko yote: kuchezea dawa kwa sababu ya namba moja. Mama mmoja alipanda ngazi na mizigo, akapima palepale, 172. Akameza kidonge cha pili juu ya kile cha asubuhi. Usiku ule alisimama kwenda chooni akaanguka, akaja kwetu na nyusi imepasuka. Upande mwingine wapo wanaoona 118 wakasema wamepona, wakaacha. Hiyo 118 ni kazi ya dawa. Usiongeze, usipunguze, usiache, mpaka umezungumza na aliyekuandikia.

Lini usisubiri kliniki

Ukipata 180/120 au zaidi, kaa, tulia dakika 5, pima tena. Ikibaki hapo, na una lolote kati ya haya: maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja wa mwili au uso kulegea, maneno kutoka vibaya, macho kuona giza au ukungu, kuchanganyikiwa, maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida yako, basi ni hospitali sasa hivi, na usijiendeshe mwenyewe. Ikibaki juu lakini huna dalili hata moja, wasiliana na daktari siku hiyohiyo. Usimeze vidonge vya ziada kwa kujitibu.

Uso ukilegea, mkono ukikosa nguvu au maneno yakipinda ghafla, nenda hospitali hata kama mashine inasoma 120/70. Kiharusi hakiombi ruhusa ya mashine, na ukianza kutafuta betri umepoteza dakika.

Wajawazito wana sheria yao. Kuanzia 140/90, wasiliana na wakunga au daktari siku hiyohiyo, hata kama unajisikia vizuri. Ikifika 160/110, nenda hospitali mara moja. Vilevile ukipata maumivu makali ya kichwa, macho kuona vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, au uso na mikono kuvimba ghafla, nenda bila kujali namba. Hizo ni dalili za hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Hatari hiyo haiishi siku ya kujifungua. Wiki kadhaa baadaye bado ipo, kwa hiyo mashine usiifungie kabatini mtoto akishazaliwa. Na hakikisha mashine yenyewe imejaribiwa kwa wajawazito. Orodha niliyoitaja inaonyesha hilo.

Chini ya 90/60 kwa mtu mwenye afya aliyezoea namba hizo si ugonjwa. Ikija na kizunguzungu, jasho la baridi au kuzimia, ni jambo la daktari.

Mambo yakikwama

*Mashine inaandika kosa, haitoi namba.* Mara nyingi ni mkanda umelegea, mpira umekunjika au haukuingia vizuri kwenye tundu lake, au ulisogeza mkono. Funga upya, subiri dakika 1, jaribu tena. Ikiendelea, badilisha betri zote kwa pamoja, usichanganye mpya na za zamani.

*Inajaa upepo, inalegea, inajaa tena kwa nguvu zaidi.* Imekosa kusoma mara ya kwanza, ikaamua kupandisha. Hutokea ukitikisika, au presha ikiwa juu kuliko ilivyotarajia. Iache imalize. Ikikuumiza mno, bonyeza kitufe cha kuzima, itatoa upepo wote.

*Kuna alama ya moyo inayomwekamweka.* Kwenye mashine nyingi inamaanisha mapigo hayakuwa na mpangilio; hakikisha kwenye kitabu cha maelekezo. Ikitokea mara moja huenda ulisogea tu. Ikirudi siku kadhaa, piga picha uje nayo, usingoje tarehe ya kliniki. Kuna aina ya moyo kwenda mrama ambayo huongeza hatari ya kiharusi, na ina matibabu yake. Kwa mtu mwenye mapigo hayo, pima mara 3 badala ya 2, maana namba zake zinaruka zaidi.

*Asubuhi iko juu, jioni iko sawa.* Andika zote, usizichanganye. Inaweza kuwa dawa inaisha nguvu kabla ya alfajiri, na daktari anaweza kubadili saa au aina. Inaweza pia kuwa unakoroma na kukatika pumzi usingizini. Muulize unayelala naye, wewe hutajua.

*Presha ilikuwa imetulia, ghafla imepanda wiki nzima.* Kabla ya kulaumu mashine, kumbuka umemeza nini. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na daiklofenaki hupandisha presha, na baadhi ya dawa za mafua za kuzibua pua pia. Vidonge vingine vya uzazi wa mpango ni hivyohivyo. Na ulipotoka safari, dawa zako ulikunywa siku zote? Sema kweli, hatugombezi.

*Napata kizunguzungu nikisimama, lakini nikikaa namba ni nzuri.* Basi kipimo chako kinapimwa mahali pasipo na tatizo. Pima umekaa, kisha simama karibu na kitu cha kushika, pima baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3, mkono bado umeegemezwa usawa wa moyo. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, tuletee namba hizo. Wazee ndio wanaoanguka kwa jambo hili.

*Mashine yangu na ya hospitali hazikubaliani.* Tofauti ya namba 5 hivi haina neno. Ikizidi hapo, njoo nayo siku ya kliniki, pamoja na mkanda wake na daftari, tuzilinganishe kwenye mkono uleule, moja baada ya nyingine. Fanya hivyo mara moja kwa mwaka hata kama huna shaka, maana mkanda unachakaa na mpira unavuja bila kukuaga. Ukifika, usinipe mkono nikufunge. Kaa, funga mkanda mwenyewe kama unavyofunga nyumbani, ubonyeze. Mimi nitakaa pembeni niangalie, nikiwa nimefunga mdomo.